Mshenga wa Nikumbushe Baadaye

Mzee yule alikuwa na koti moja la sufu, rangi ya majivu, na Makambako nzima ilikuwa inalisoma. Akilivaa wazi, anakwenda sokoni kununua kabichi. Akifunga kifungo cha juu, kile cha shingoni, basi leo anapanda Njombe kuposa binti wa watu. Watu walikuwa wanaangalia kifungo kwanza ndipo wanamwamkia. Ukijifanya mjanja ukamwuliza, "Shikamoo mzee, leo ni zamu ya nani?" anakuitikia marahaba, anatazama mawingu, anasema, "Leo baridi," anapita zake.

Alikuwa mshenga. Kijana wako akitaka kuoa, hukuwa unakwenda mwenyewe kwa wakwe. Ulimtuma yeye akabishe hodi, aseme, asikilize, akuletee jibu. Ametumwa Makete, ametumwa Ludewa, kuna mwaka mvua ilimkwamisha Mlangali akarudi na posa imekubaliwa na gunia la maharage juu yake. Jina lake silitaji kwa sababu asingependa, na kusema kweli sikuwahi kulitumia. Mimi nilimwita Mzee, yeye aliniita Fundi, maana nina kibanda karibu na stendi ya Makambako ninapotengeneza simu na kompyuta, na katika wateja wangu wote yeye ndiye aliyekuwa msumbufu kuliko wengine. Nilimpenda. Lakini alinichosha, jamani.

Mdomo wake ulikuwa umefungwa hadi unakera. Siku moja alikuwa amekaa kwenye benchi langu akisubiri simu ipate chaji. Akaingia mtu mzima mmoja kununua vocha, na nyuma yake kijana wa bodaboda mwenye chaja mbovu. Wote wawili wakamwamkia kwa heshima iliyozidi kipimo. Nikasema, "Mzee, naona mnafahamiana." Akanijibu, "Huyu ni mtu, na yule pia ni mtu." Basi. Baadaye nikaalikwa harusini, nikakuta yule wa bodaboda ndiye bwana harusi na yule wa vocha ndiye baba wa bibi harusi. Siku ile kibandani hawakuwa wanajuana kabisa, na yeye alikuwa amekaa katikati yao anasoma tangazo la vocha ukutani.

Kitu kingine, hakuwa na neno hapana. "Katika kazi yangu, Fundi, neno hilo halipo," alikuwa ananiambia. Wakwe wasiotaka hawasemi hatutaki. Wanasema, "Tumesikia, tutawaambia." Kisha unaletewa chai. Kama chai imekuja na kitafunwa, hata kiazi kimoja cha kuchemsha, rudi tena, mlango uko wazi. Kama chai imekuja peke yake, kunywa, shukuru, funga safari. Yeye mwenyewe akibanwa na jambo alikuwa anajibu hivyo hivyo, tumesikia, hata kwa mtu anayemwuzia soksi stendi. Yule mwuza soksi alimfuata siku nyingi akidhani biashara bado ipo.

Sasa mchukue mtu wa namna hii, umpe kompyuta.

Mwanawe anayefanya kazi Dodoma alimtumia laptopu iliyotumika, asome habari na waonane kwa video. Mzee akaileta kibandani imefungwa kwa kitenge cha mkewe, ameikumbatia ndani ya koti. "Fundi, kitu hiki kinapiga kelele," akasema. Nikakifungua. Weee! Nilipowasha tu intaneti, vidirisha vikaanza kuruka pembeni mwa kioo, kimoja juu ya kingine. Umeshinda simu mpya. Punguza kitambi bila mazoezi. Weka dau lako sasa. Dawa ya nguvu za kiume, siri yako iko salama. Mzee alikuwa anageuza uso kila kidirisha cha namna hiyo kikitokea, kwa adabu, akisubiri kipite.

"Mzee, hawa wote nani kawaruhusu?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Waliomba."

Nikadhani ananitania. Wala. Ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao, ambayo vitabu vinaiita kivinjari na sisi wa kibandani tunaiita brauza, ina tabia ya kukuuliza. Ukifungua ukurasa unakuambia ukurasa huu unaomba kukutumia arifa, na chini kuna vitufe viwili, Ruhusu na Zuia. Mtu wa kawaida anabonyeza Zuia na maisha yanaendelea. Mzee wangu alikuwa anasoma neno kwa neno, anatafakari, kisha anabonyeza Ruhusu. Wote. "Mtu kabisha hodi, kajitambulisha, kaomba kwa heshima," akaniambia. "Nimzuie kwa kosa gani?"

Nikamweleza kwamba hao si wageni, ni matapeli na wauza dawa. Akanisikiliza vizuri sana. Nikafungua ukurasa mmoja kwa makusudi, swali likatokea, nikamwambia, "Haya mzee, bonyeza Zuia." Akanyoosha kidole. Kikasimama juu ya kitufe. Kikarudi. "Bonyeza wewe," akasema. "Wewe bado mdogo, huna jina la kuharibu." Basi ikawa ndiyo utaratibu wetu. Kila alipokuja nilikuwa nafungua ile orodha ya walioruhusiwa, nawazuia mmoja mmoja, na yeye anaangalia ukutani hadi nimalize, asionekane ameshiriki.

Kitufe alichokipenda duniani kilikuwa kimoja tu. Brauza ikitaka kusasishwa inakuuliza, sasisha sasa, au nikumbushe baadaye. Alipokiona mara ya kwanza alivua miwani. "Huyu," akasema, "aliyeandika hiki, kwao wapo wazee." Hakusasisha hata siku moja. Nikamwambia, mzee, kusasisha ni kuziba matundu, usipoziba wezi wanaingia. Akasema, "Sijakataa, Fundi. Nimesema baadaye." Ikabidi niwe nasasisha mwenyewe akienda kunywa chai hotelini.

Lakini kitufe hicho kilinisaidia hata mimi. Mzee alikuwa na mazoea ya kuniuliza, kila akimaliza shida zake, "Na wewe Fundi, tukufungie lini kifungo?" Yaani lini nitaolewa. Zamani nilikuwa natafuta majibu marefu. Siku moja nikamwambia, "Nikumbushe baadaye, mzee." Alicheka hadi akakohoa, akashika meza. Tangu siku hiyo aliniuliza kila wiki, nami nikamjibu kila wiki, na wote tukaridhika.

Nisisahau habari ya vidakuzi. Mnajua zile kumbukumbu ndogo ambazo kurasa zinaziacha kwenye kompyuta yako, ili ukirudi wakutambue? Kwa Kiswahili rasmi zinaitwa vidakuzi. Mzee akasoma kwenye kioo, tovuti hii inatumia vidakuzi, akashtuka. "Vidakuzi! Si ndiyo udaku huo?" Nikajaribu kumweleza. Akaninyooshea mkono nisubiri. "Kwa hiyo huyu anabisha hodi, na anasema mlangoni kabisa kwamba amekuja na wambea wake?" Nikasema, kwa namna fulani, ndiyo. Akafikiri. "Huyo ni mkweli. Katika miaka yangu yote sijapata mgeni aliyekiri." Akabonyeza Kubali vyote.

Adabu yake hiyo ilimwingiza shimoni, na mara nyingine ilimtoa. Kuna siku laptopu ilipiga king'ora. Kioo kikawa chekundu, kompyuta yako iko hatarini, usizime, piga namba hii haraka. Mzee akapiga. Mimi nilikuwepo, nilikuwa natengeneza redio ya mtu, nikasikia upande mmoja tu ila ulinitosha. Alianza na "Kamwene," yaani salamu ya Kibena, na mtu wa upande wa pili hakuelewa, kwa hiyo ikabidi amfundishe kuitikia. Akamwuliza hali. Akamwuliza wazee wa nyumbani hawajambo. Akamwuliza kama huko aliko mvua zimeanza, na kama amekula. Yule tapeli alipofika kwenye shabaha yake, akaomba neno la siri, Mzee akasema taratibu, "Mwanangu, neno la siri haliombwi kwa simu. Lina wenyewe. Nitajie kwenu ni wapi, nitakuja kuonana na baba yako."

Tapeli akakata simu. Mzee akabaki anaitazama simu kwa huzuni. "Kijana hana hata baba wa kumtaja," akaniambia. Nilicheka hadi machozi, redio ya watu ikaniponyoka.

Halafu kuna ile ya Njombe, ambayo sikuiona kwa macho ila amenisimulia mwenyewe, na mambo aliyonisimulia yeye mwenyewe ni machache mno hata nikayahifadhi. Alipeleka laptopu kwenye kikao cha harusi, awaonyeshe wazee picha za ukumbi. Sebule imejaa, watu wamejifunika mashuka kwa ile baridi ya Njombe inayoingia hadi kwenye mifupa, laptopu iko mezani. Mara kikaruka kidirisha, kikubwa, wanawake wapweke wa jirani yako wanakusubiri. Na picha. Bibi mzaa mama wa bibi harusi, ambaye macho yake si mazuri, akauliza, "Wale akina nani wale?" Mzee hakutikisika. Akasema, "Ni wanakwaya wa huko chini, wanaomba mwaliko." Bibi akasema, "Masikini, mbona wamevaa nguo nyepesi hivyo na baridi hii! Waiteni, watakaa karibu na moto." Ikaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao kwamba kuna kwaya ya wageni.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana hayo yote ni kicheko tu.

Ukitaka kumwelewa mzee yule ujue kwamba alikuwa hasemi wazi, popote, na mtu yeyote. Nyumbani kwa watu alizungumza habari za maua, bustani, na mgeni aliyepotea njia. Mwanzoni hata mashine aliiandikia hivyo. Siku moja nikakuta amekiandikia kisanduku cha kutafutia, ua limechanua kabla ya msimu mwenye bustani aambiwe vipi. Alikuwa amebeba habari ya binti wa watu mwenye ujauzito, na hajui amwambie vipi baba wa binti. Mtandao ukamletea kilimo cha waridi, na kwa muda mrefu matangazo yake yote yakawa mbolea na dawa ya kuua wadudu. "Mashine haijui mafumbo," akalalamika. Nikamwambia, mzee, mashine iambie kama yalivyo moyoni, haina mdomo kama mtu. Akaniamini. Kile kisanduku kikawa mahali pekee duniani ambapo mshenga wetu alinyoosha maneno.

Mkewe alikuwa kinyume chake kabisa. Sisi tulimwita Mama tu, kama alivyomwita yeye. Mwenyekiti wa kwaya, mnene wa sauti, ukipita barabarani unajua nyumbani kwao leo kuna kicheko au hakuna. Angekusimulia ugonjwa wa mbuzi wake hadi ukamtamani mbuzi mwenyewe aje afupishe. Kila Jumamosi wanakwaya walijaa sebuleni kwake kujifunza nyimbo mpya, wakizisikiliza kwenye ile laptopu, na Mzee siku hizo alikimbilia shambani.

Kisha siri zikaanza kutoka. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ikasahaulika. Ya pili watu wakanong'ona. Ya tatu ndiyo iliyoleta msiba. Mwenye mashine ya kupasulia mbao hapa Makambako alimtuma Mzee akamposee mwanawe nesi mmoja wa Njombe. Mzee hakuwa amekwenda bado. Kifungo kilikuwa hakijafungwa! Mama mzazi wa nesi akiwa sokoni Njombe anachagua viazi, mama mwingine akamkumbatia na kumpongeza kwa mkwe mwenye mbao. Mkwe yupi? Tangu lini? Baba wa nesi akatuma ujumbe mfupi: habari za binti yetu zimefika sokoni kabla hazijafika kwetu, mshenga apumzike.

Mshenga apumzike. Kwa mtu yule lilikuwa neno baya kuliko tusi. Kazi yake yote ilisimama juu ya mdomo usiovuja, na sasa familia zilikuwa zinasema mdomo umechakaa. Mwenye mashine ya mbao alimpa nafasi ya mwisho, ajue siri imetokea wapi na akawaambie wenyewe Njombe, la sivyo atatafutwa mshenga mwingine. Nilimwona akipita stendi bila koti, na baridi ilivyokuwa, nikajua mambo yameharibika.

Naye alikuwa ameshahukumu. Hakusema, ila alikuwa amehukumu. Nyumba ina mdomo mmoja tu mkubwa, basi ndio huo. Aliacha kumsimulia Mama hata habari za hali ya hewa ya Njombe. Simu alikwenda kuzipokea katikati ya kabichi. Na Mama naye, bila kuulizwa wala kushtakiwa, akanyamaza. Majirani walidhani anaumwa. Kwaya iliendelea kuja, inaimba, yeye anapiga makofi tu.

Hapo ndipo Mzee aliponipigia. "Fundi, njoo nyumbani. Vidakuzi vimeingia." Nikafika mchana, Mama yuko jikoni, kaniitikia salamu yangu kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. Mzee akanikalisha sebuleni, akaegemea sikio langu. Anataka nimfungie kitu kwenye simu, cha kumnasa anayeifungua akiwa amelala. Nikamwuliza anamshuku nani. Akatazama mlango wa jikoni, kisha akautazama ukuta.

Nikasema, ngoja kwanza nione laptopu, maana simu yake naijua, haifunguki hata kwake mwenyewe. Nikaifungua brauza. Nilitaka kuangalia namna ya kuweka ulinzi, nikaanza kuandika neno "namna". Sikufika mbali. Nilipogusa herufi ya kwanza tu, kisanduku kikashusha orodha ya yote yaliyowahi kutafutwa humo yanayoanza na herufi hiyo. La kwanza kabisa: nesi wa Njombe anaposwa na mtoto wa mwenye mashine ya mbao baba yake anapenda zawadi gani.

"Mzee," nikasema, "laptopu hii nani mwingine anaitumia?"

"Hakuna mtu. Kwaya tu."

"Kwaya wanafungua nini?"

"Nyimbo."

"Wanaziandika hapa?"

"Anaandika yule mama mwenye miwani, ndiye anayejua."

"Nyimbo inaanza na herufi gani, mzee?"

Akafikiri kwa bidii, midomo ikicheza. "Nyi," akasema.

"Herufi moja."

"Ni N," akasema, na hapo akaiona miwani yake mezani, akaivaa, akasogeza uso kwenye kioo.

Alisoma taratibu. Nesi. Chini ya nesi, ile ya pili iliyovuja. Chini yake, ile ya kwanza. Kila Jumamosi, yule mama mwenye miwani alipogusa N ya nyimbo, siri za nyumba za watu zilijipanga mbele ya kwaya nzima kwa maandishi makubwa, maana mimi mwenyewe nilimkuzia Mzee maandishi kwa ajili ya macho yake. Mama hakusema neno hata moja. Mashine ndiyo iliyosema, na mashine ilisema kwa sababu yeye aliiambia.

Nilitaka kucheka. Kisha nikaona mstari wa mwisho kwenye orodha, naye akauona wakati huo huo. Nitajuaje kama mke wangu ndiye anayetoa siri.

Jumamosi mbili zilikuwa zimepita tangu aandike hivyo. Kwaya yote ilikuwa imesoma. Mama alikuwa amesoma, amesimama hapo hapo nyuma ya kiti, mbele ya wanawake anaowaongoza, kisha akapiga makofi na wimbo ukaanza. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa, kana kwamba mstari utabadilika. Nilimhurumia na nilitaka kumpiga, vyote pamoja.

"Fundi," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Nenda jikoni."

"Nikafanye nini?"

"Ukaseme."

"Mimi? Mzee, wewe ndiye mshenga!"

"Mshenga hajisemei," akasema. "Sijawahi. Hata huyu mwenyewe nilimposa kwa mdomo wa mjomba." Macho yake yalikuwa yamelowa, na mikono ilikuwa inatafuta pa kukaa. Nikanyanyuka. Ndiyo hivyo, mimi fundi wa simu, ambaye hata sijaolewa, nikawa mshenga wa mshenga.

Nikabisha hodi jikoni. Mama alikuwa anamenya viazi, hakuinua kichwa. Nikajaribu kusema kwa mafumbo kama Mzee. Nikasema, Mama, kuna mgeni amepotea njia, aliona moshi akadhani nyumba inaungua, kumbe ni pua yake mwenyewe ndiyo imeingiwa na majivu. Sijui nilitoa wapi. Mama akaacha kisu. Akanitazama muda mrefu, na nikaona pembe ya mdomo wake inapigana na kicheko, na kicheko kikashindwa.

"Kakutuma?"

"Ndiyo, Mama."

"Ameona?"

"Ameona. Yote. Anajua si wewe."

"Alihitaji fundi kujua si mimi," akasema. Akamimina chai kwenye kikombe, akanipa. Chai peke yake. "Mwambie tumesikia. Tutawaambia."

Nikarudi sebuleni na kikombe changu. Mzee hakuuliza wamesemaje. Alitazama kikombe, akatazama mkono wangu wa pili kama una kitu, akaona hauna, akakaa chini. Miaka yote ameipeleka chai ile kwa baba za watu, amewaambia wajikaze. Leo imeletwa kwake.

Basi nikafanya kazi yangu. Nikafuta historia yote, nikazuia walioomba wote, nikawafungulia kwaya akaunti, yaani mlango wao wenyewe kwenye ile laptopu, ili waingie huko na nyimbo zao tu. Nikamwonyesha hali fiche, lile dirisha jeusi ambalo ukilifunga kompyuta haikumbuki ulichouliza. Akaitikia kwa kichwa, hasikii. Orodha ilikuwa tupu, safi. Ndipo Mama akatoka jikoni, mikono ina maji, akapita kati yetu, akainamia laptopu. Akaandika kwa kidole kimoja, akiigonga kila herufi kwa nguvu, akabonyeza kutafuta, akarudi alikotoka.

Mzee akavaa miwani. Kwenye kisanduku palikuwa pameandikwa: mume akitaka kuomba radhi aje jikoni mwenyewe asitume mtoto wa watu.

Mtandao haukuwa na jibu la maana. Ulileta mapishi, na juu ya mapishi kikaruka kidirisha. Tovuti hii inataka kujua mahali ulipo. Ruhusu. Zuia. Nikanyoosha kidole nimsaidie kama kawaida, akaniondoa mkono. "Hilo haliwahusu," akasema, akabonyeza Zuia mwenyewe.

Akasimama. Koti lilikuwa limetundikwa mlangoni. Akalivaa, akafunga kifungo cha juu, akavuka sebule yake mwenyewe hadi kwenye mlango wa jiko lake mwenyewe.

"Hodi," akasema.

Kisu kikaendelea kumenya.

"Hodi, Mama."

"Nikumbushe baadaye," akasema Mama.

Mimi nilijua wazi kwamba amekwisha, maana neno hilo ni lake, hawezi kulipinga. Mzee akasimama pale mlangoni, ameshika kizingiti.

"Baadaye ndiyo hii," akasema. "Nimekukosea, Mama. Nilikudhania wewe, na mwenye mdomo ni mimi. Nisamehe."

Hakuna ua, hakuna bustani, hakuna mgeni aliyepotea njia. Sikuwahi kumsikia akisema hivyo kabla ya siku ile. Nikasikia Mama anapenga kamasi, na kigoda kinaburutwa sakafuni.

"Kaa. Na Njombe tutakwenda wote," akasema, na sauti yake ya barabarani ilikuwa inarudi. "Kwa mama yake nesi nitasema mimi. Wewe ukisema yatakuwa maua mpaka Pasaka."

Nikaanza kufungasha vifaa vyangu polepole, nitoke bila kuwasumbua. Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango wa mbele Mama aliponiita.

"Fundi! Unakwenda wapi na njaa? Viazi vimeiva, lete kikombe chako."